Kinasa sauti pembeni ya kompyuta: wimbo unaanza pamoja lakini hauishii pamoja

mnasaji_unguja aliuliza:

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Ninanasa taarab hapa Unguja kwa vifaa vichache nilivyo navyo, na leo nimekwama mahali ambapo sioni kama nitatoka bila msaada wa waliotangulia.

Kikundi nilichokinasa kina udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla mbili, akodiani, besi kubwa ya kusimama, dumbak (ngoma ya mkono) na mwimbaji mmoja, yaani maikrofoni nane kwa jumla. Nilitumia kinasa sauti cha kujitegemea chenye njia nane za kuingizia sauti, kinachohifadhi kwenye kadi ya SD kwa kilohezi 44.1 (yaani vipimo vya sauti, au sampuli, 44,100 kwa sekunde) na biti 24. Sikutaka kunasa ndani ya kompyuta moja kwa moja, kwa sababu feni yake huvuma hadi ikasikika kwenye maikrofoni ya udi, na kwa sababu kompyuta hiyo imewahi kuganda katikati ya wimbo, nikalazimika kuwaomba radhi watu wazima waliokuwa wamekwisha kutoa jasho lao. Hata hivyo kompyuta ilikuwepo pembeni, kwa kuwa wenye kikundi walitaka baadaye niongeze kinanda na midundo ya programu. Nilitayarisha mwongozo wa mapigo, yaani tiki za kuhesabia, kwenye Reaper (programu ya kunasa na kuhariri sauti), nikawasikilizisha wanamuziki kwa vipokea sauti vya masikioni kutoka kwenye tundu la kompyuta, na kinasa kikawa kinawanasa wao tu.

Wimbo una dakika 14. Nilipohamisha faili nane kutoka kwenye kadi na kulinganisha pigo la kwanza, mwanzo ulikaa barabara. Kufikia ubeti wa tatu nilianza kuhisi dumbak inavuta nyuma ya mwongozo, na mwishoni imechelewa kiasi ambacho sikio lolote litatambua, kama mtu anayeitikia dua baada ya wenzake kumaliza. Nilidhani mpigaji alichoka, lakini ninapozisikiliza treki nane zenyewe, bila mwongozo, kila mmoja yuko mahali pake na muziki unapendeza.

Ninaomba kujua kosa liko wapi, na kama linaweza kurekebishwa bila kuwaita tena wanamuziki, kwa sababu bibi aliyeimba amekwisha kurudi Pemba na sauti aliyoitoa siku ile siamini kwamba nitaipata mara ya pili. Vilevile naomba ushauri kama ni bora niachane na kinasa, nivumilie feni, na kunasa kila kitu ndani ya kompyuta.

fundi_mitambo_dar alijibu:

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Mpigaji wako hana kosa, na nadhani unaweza kulithibitisha hilo leo hii kabla ya kubadilisha chochote.

Kwanza tuondoe sababu ambayo wengi hukimbilia kuitaja, nayo ni tofauti ya kilohezi 44.1 na 48. Faili iliyonaswa kwa 44.1 ikichezwa kana kwamba ni ya 48, kasi hupanda kwa karibu asilimia 8.8 na kimo cha sauti hupanda kwa karibu nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachofuata). Wimbo wako wa dakika 14 ungekwisha zaidi ya dakika moja mapema, na bibi angesikika kama mtoto. Wewe unazungumzia kuteleza kidogo kidogo, kusikoonekana mwanzoni na kunakokua kadiri wimbo unavyoendelea. Hizo ni dalili za saa mbili.

Ndani ya kinasa kuna kipande cha kristali ya kwatzi kinachoamua sekunde moja ina sampuli ngapi, na ndani ya kompyuta kuna kingine. Vyote viwili vimeandikiwa 44,100, lakini hakuna hata kimoja kinachotoa 44,100 kamili. Ni kama saa mbili za ukutani ulizozipatanisha alfajiri: zote ni nzima, zote zinatembea, na baada ya mwezi moja imeipita nyingine. Kristali ya kawaida inaweza kupotoka kwa sehemu 50 hivi katika kila milioni. Namba hiyo inaonekana ndogo mno, lakini katika saa moja ni milisekunde 180, na ikiwa kimoja kimepotokea mbele na kingine nyuma, tofauti huongezeka maradufu. Katika wimbo wa dakika 3 usingegundua kitu. Taarab ya dakika 14 haina huruma hiyo.

Sasa fanya jambo hili. Vipokea sauti vya masikioni huvuja, hasa msikilizaji anapoviongezea sauti. Fungua treki ya dumbak au ya mwimbaji, tafuta sehemu za kimya mwanzoni kabisa na mwishoni, pandisha sauti sana, na utasikia mwongozo wako ukilia kwa mbali ndani ya maikrofoni. Pima umbali kutoka tiki ya kwanza iliyovuja hadi tiki ya mwisho iliyovuja, kisha pima umbali kati ya tiki hizohizo kwenye mwongozo ulio ndani ya Reaper. Usilinganishe tiki iliyovuja kwa mwimbaji na pigo la dumbak lililosikika kwenye maikrofoni hiyohiyo ya mwimbaji, maana sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na kama dumbak ilikuwa mita 3 kutoka hapo, tayari imechelewa milisekunde 9 kwa sababu ya hewa tu. Linganisha tiki kwa tiki. Ukirudi na namba mbili hizo, tutajua la kufanya.

mnasaji_unguja:

Ndugu yangu, nimekaa na jambo hili usiku mzima na ninakushukuru kwa moyo wote. Mwongozo umevuja kwenye treki ya mwimbaji, kwa kuwa bibi alitegua upande mmoja wa kipokea sauti na kuuweka nyuma ya sikio ili asikie udi. Ndani ya Reaper, kutoka tiki ya kwanza hadi ya mwisho ni sekunde 840.000. Katika faili ya kinasa, tiki hizohizo zimeachana kwa sekunde 840.060. Nikapima pia katikati ya wimbo, ambapo tofauti ni milisekunde 30. Nikaisikiliza dumbak kwenye maikrofoni yake, nikaona inaangukia juu ya tiki iliyovuja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeona haya kwa kumdhania mpigaji.

sauti_ya_kongowea alijibu:

Hongera kwa kupima kwanza kabla ya kukata, kaka. Mimi ninanasa kaswida na kwaya hapa Mombasa, na kosa hili nimelitenda kabla yako, ila mimi nilianza kukata vipande na kusogeza treki moja moja hadi nikaharibu kazi ambayo ilikuwa nzima.

Kinasa chako kilikwenda mbele kidogo kuliko kompyuta, kikaweka sampuli nyingi zaidi katika muda uleule, ndiyo maana faili yake imekuwa ndefu. Gawanya 840.060 kwa 840.000 upate 1.0000714. Hiyo ndiyo kasi ambayo treki zako zinatakiwa kuchezwa. Katika Reaper, hakikisha vipande vyote vinane vinaanzia mahali pamoja, vichague vyote, fungua dirisha la sifa za kipande, uandike namba hiyo kwenye sehemu ya kasi, kisha ulinganishe upya tiki ya kwanza.

Nakusihi sana kuhusu jambo moja. Katika dirisha hilohilo kuna chaguo la kuhifadhi kimo cha sauti pale kasi inapobadilika, na mara nyingi huwa tayari limewekewa alama. Liondoe. Ukiliacha, programu itaikatakata sauti vipande vidogo na kuiunga upya ili kimo kisibadilike, na kazi hiyo huacha alama kwenye kila mlio wenye ncha kali: pigo la dumbak linakuwa laini, na mdono wa kanuni unapoteza ule mng'ao wa kucha juu ya uzi. Ukiliondoa, kimo kitapanda kwa sehemu moja ya nane ya senti, na senti ni sehemu moja katika 100 za nusutoni. Hakuna binadamu atakayesikia. Ukiliacha, unalinda kitu ambacho hakikuwa hatarini, na kwa bei ya kitu unachokipenda.

Pia treki zote nane zipewe namba ileile, hata besi ambayo unadhani haijali. Dumbak haimo katika maikrofoni yake tu, bali imevuja kwenye nane zote, na treki moja ikienda kwa kasi tofauti, mapigo yaleyale yataanza kugombana, yakipunguzana na kuongezana, na mwisho utasikia mvumo wa ajabu kama mtu anaimba ndani ya mtungi.

Namba hii usiiandike ukutani kama dawa ya kudumu. Kristali hubadilika kwa joto, na chumba cha mchana wa Januari si chumba cha usiku wa Julai. Pima kila mara, na ili kupima kuwe rahisi, piga kofi moja zito mbele ya maikrofoni mwanzoni na jingine mwishoni, huku mwongozo ukiendelea kusikika, badala ya kutegemea kuvuja kwa bahati kama safari hii.

Kwa kazi ijayo, usiache mwongozo kwenye kompyuta. Mimi hutumia Zoom R16, ambayo hunasa njia nane kwa wakati mmoja lakini ina treki 16 za kuchezea. Nyumbani naandaa mwongozo kwenye programu, nautoa kama faili ya WAV ya kilohezi 44.1, naunakili kwenye kadi, na kuuweka kwenye treki ya 9. Wanamuziki wanausikia kutoka kwenye kinasa chenyewe, kwa hiyo mwongozo na mapigo yao vinahesabiwa na saa moja. Nikirudi nyumbani, natoa faili zote na kuziweka kwenye sekunde ya sifuri ya mradi uleule, na zinakaa. Kompyuta hata haitoki kwenye mkoba, na feni yake inavuma huko huko iliko.

Nitaje mambo mawili ya mashine hii, kwa kuwa yamewahi kuwakwaza wengine niliowaazima. Inaponasa peke yake inafanya kazi kwa 44.1 tu, kwa hiyo mradi wa kompyuta uuanzishe kwa 44.1 tangu siku ya kwanza. Na umeme wa maikrofoni za kondensa unapatikana katika njia ya 5 na ya 6 pekee, hivyo panga mapema ni ala zipi mbili zitakazopewa maikrofoni hizo. Mimi huchagua mwimbaji na kanuni.

kijana_wa_midundo alijibu:

Samahanini wakubwa zangu, shikamooni. Je, asingeweza kuunganisha kinasa na kompyuta kwa waya wa MIDI ili vitembee pamoja, bila kuhesabu namba hizi zote?

mzee_wa_kanda alijibu:

Marahaba mwanangu, na swali lako ni zuri, kwa maana wengi wanaamini hivyo na hawaulizi.

MIDI, lugha ambayo ala na mashine za muziki hupelekeana maagizo, tangu ilipotoka mwaka 1983 hutuma vidokezo 24 kwa kila noti ya robo. Vidokezo hivyo humwambia mwenzake kwamba tumeanza, tumefika hapa, tumesimama. Mashine ya midundo itafuata bila shida, kwa kuwa yenyewe haina ila kungoja kidokezo na kupiga. Lakini sauti iliyonaswa ni mfululizo wa sampuli 44,100 kwa sekunde, na waya wa MIDI hauigusi kristali inayozihesabu. Mtaanza pamoja kwa usahihi mzuri, kisha mtateleza vilevile. Kinachofunga mashine mbili kweli ni saa ya sampuli, ambayo hupita kwenye waya wake maalumu au ndani ya waya wa sauti ya dijitali, na hapo mmoja lazima awe mama na mwingine akubali kumfuata. Wote wawili wakiwekwa kuwa mama, unasikia mibofyo midogo kama mchanga kwenye kaa la jiko.

Nilijifunza jambo hili kwenye mashine za ADAT za Alesis, zilizotangazwa mwaka 1991, zilizokuwa zikiandika treki nane za dijitali kwenye kanda ya S-VHS, ile ile ya sura ya kanda za video. Ukitaka treki 16 uliunganisha mashine mbili kwa kebo ya pini 9, na ya pili ilitii saa ya mashine ya kwanza sampuli kwa sampuli. Kanda zimekwisha, lakini tundu lake la mwanga limebaki kwenye vifaa vingi hadi leo na linapitisha njia nane kwa kilohezi 44.1 au 48. Ikiwa kinasa chako kina tundu hilo, au la S/PDIF (aina nyingine ya tundu la sauti ya dijitali), na kompyuta ina kadi ya sauti ya nje yenye tundu kama hilo, unganisha, chagua kinasa kiwe mama, na uiambie kadi ya sauti ifuate saa inayoingia. Ikiwa havina, njia ya binti yetu wa Mombasa ya kuuhamishia mwongozo kwenye kinasa ndiyo ningeifuata mimi mwenyewe.

Vinasa vingi vya sasa hukubali pia kuunganishwa kwa USB na kugeuka kadi ya sauti ya kompyuta, na hapo kompyuta huitumia saa ya kinasa, tatizo likaisha. Lakini katika baadhi yake, R16 ikiwemo, hizo ni hali mbili tofauti: ukikigeuza kadi ya sauti, umeacha kunasa kwenye kadi ya SD, na kompyuta ikiganda, umepoteza kila kitu pamoja nayo. Hali hiyo ni nzuri kwa kuongeza sauti nyumbani, mtu mmoja mmoja. Siitaki ukumbini.

Kuhusu swali la kuachana na kinasa, mwanangu wa Unguja, nakuomba usifanye hivyo. Kinasa hakifanyi kingine chochote, hakipokei ujumbe, hakijisasishi katikati ya ubeti, na wanamuziki wanajisikia ndani yake papo hapo bila ule ucheleweshaji unaotokana na sauti kuingia kwenye kompyuta, kuchakatwa na kutoka. Njia nane za biti 24 kwa 44.1 zinakula gigabaiti 3.8 hivi kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa nane. Kwa kuwa una biti 24, usiogope kuacha nafasi: vilele viishie kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kinasa, kwa sababu mwimbaji wa taarab akipandwa na hisia mbele ya watu wanaomtunza, hupaza sauti kuliko alivyokuonyesha wakati wa kupima.

Ila kuna jambo ninaloliona kubwa kuliko saa za kristali, na nalisema kwa sababu naupenda muziki huu. Je, mwongozo wa mapigo ulihitajika? Bendi zilizonaswa na Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja chumbani, kila mmoja akimtazama mwenzake, na mapigo yalikuwa ya watu. Katika taarab dumbak humsubiri mwimbaji mwisho wa mshororo, na akodiani hujaza pale anapopumua. Ukiwafunga kwenye tiki, unapata usahihi ambao hawakuuomba. Wanase kwenye kinasa wakiwa huru, kisha uifundishe programu kuwafuata wao: Reaper hukuruhusu kuweka alama za mapigo juu ya dumbak yenyewe, ubeti kwa ubeti, na mistari ya mradi ikajikunja kulingana nao. Ni kazi ya saa mbili au tatu kwa wimbo kama wako. Baada ya hapo kinanda cha programu kitaifuata dumbak, na si dumbak kukifuata kinanda. Na kinanda hicho ukipange kufuatana na kanuni, kwa sababu maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) zina noti zinazokaa katikati ya vibonye vya kizungu, na kinanda kisichopangwa kitamfanya bibi aonekane amekosea pale alipopatia.

fundi_mitambo_dar:

Naunga mkono la mzee kuhusu kumfuata mwimbaji, ila nitofautiane naye kidogo kwa heshima. Ikiwa wenye kikundi wenyewe wameomba midundo ya programu kwa ajili ya kuchezwa harusini, mwongozo si dhambi. Hapo nami ningechukua njia ya treki ya 9.

mnasaji_unguja:

Nimerudi kuwapa matokeo, kwa kuwa si haki kuchukua elimu na kuondoka kimya. Nimeweka 1.0000714 kwa treki zote nane, nimeondoa chaguo la kuhifadhi kimo, nikalinganisha tiki ya kwanza. Tiki ya mwisho iliyovuja imeangukia juu ya tiki ya mwongozo, tofauti haifiki milisekunde moja. Mara ya kwanza nilijaribu nikiwa nimesahau kuliondoa lile chaguo, na kweli kanuni ilisikika kama imefunikwa kitambaa. Nilipoliondoa, kucha zikarudi.

Nimempelekea mpigaji wa dumbak kipande cha mwisho, pale anapopiga peke yake kabla ya kiitikio, na nimemwomba radhi kwa dhana niliyokuwa nayo. Wimbo unaofuata kikundi kitaunasa Ijumaa baada ya Isha. Nimewaeleza maneno ya mzee na wamekubali tupige mara mbili: mara moja wakiwa huru, bila kipokea sauti masikioni, na mara moja mwongozo ukiwa kwenye treki ya 9 ya kinasa. Bibi ameniambia kwa simu kwamba atakuja, na kwamba anaitaka ile ya huru itangulie.